Nesi Anayeranda

Siku mliyoniaga pale kituoni mlinipa kiti. Kiti kikubwa cha kitambaa chenye mikono mipana, na mmoja wenu akasema mbele ya wageni, "Mama, sasa kaa upumzike." Nilishukuru, nikala pilau, nikapiga picha na kila aliyetaka. Nilipofika nyumbani nikakikalia, kikayumba. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi. Asubuhi yake nilikigeuza miguu juu, nikauongezea ule mguu kipande cha mti wa mlingoti kwa gundi na kijiti, na sasa kimetulia tuli. Anakikalia paka.

Nawaandikia ninyi mnaobaki wodini, kwa sababu maswali yenu yamenifuata mpaka sokoni. Huyu ananiuliza zile fremu za kutembelea nilizifungaje zisilegee, yule anauliza patasi zangu nilizinunua wapi. Sikuzinunua. Nawaandikia pia kwa sababu mwanangu wa kwanza, Enea, anataka kibanda changu cha useremala kifungwe, na nusu ya ukoo iko upande wake. Wanasema nimezeeka. Mimi nasema kibanda hakifungwi, na nimeliweka hilo hapa mwanzoni ili asiyependa wazee wabishi aishie hapa, asipoteze muda wake.

Habari za vyeo na mishahara hamtazipata kwangu. Aliyenipandisha alinipandisha, aliyenisahau alinisahau, wote nimewaacha huko huko.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja bondeni Kamsamba. Mimi ni mtoto wa Isansa, nimelelewa kwenye baridi na kahawa, nikapelekwa kwenye joto, mpunga, ng'ombe na mbu wasio na adabu. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijajua hata ndoo ya maji inakaa wapi, alikuja mama mwenye uchungu. Kitanda cha kuzalishia kilikuwa kirefu kwenda juu, na cha kupandia kilikuwa kreti ya soda iliyofunikwa gunia. Yule mama akaweka mguu, kreti ikapasuka, tukamdaka mimi na mwenzangu. Alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuitia watu shambani. Baadaye nikamuuliza mkubwa wangu wa kazi kwa nini hakuna kidato cha kupandia cha maana. Akajibu, "Tumezoea."

Neno hilo lilinikera siku ile na linanikera mpaka leo. Sisi tumezoea, sawa. Mgonjwa yeye hajazoea, amefika leo.

Jumamosi yake nikaazima msumeno kwa jirani, nikaanza kutengeneza kidato nyuma ya nyumba za watumishi. Hakuna aliyekuwa amenifundisha. Nilikuwa nimemwona tu mjomba wangu akigongagonga mabenchi ya kanisa, nikadhani kuona ni kujua. Kidato kikasimama, kikayumba. Nikakata mguu ulioonekana mrefu, kikayumba upande wa pili. Nikakata na huo. Niliendelea hivyo, kata huku kata kule, mpaka kidato kikawa hakinifiki hata kwenye kifundo cha mguu. Ndipo nikasikia mtu anacheka upande wa pili wa ua.

Alikuwa Fundi Yakobo, mtengenezaji wa nira za ng'ombe na mikokoteni, ambaye alifanyia kazi zake ng'ambo ya njia.

"Nesi," akasema, "hicho ni kidato au kibao cha chapati?"

"Kidato."

"Cha kumpandia nani, sisimizi?"

Nilikuwa bado sijamwamkia, na alikuwa rika la baba yangu. Nikamwambia, "Shikamoo baba, na kama unajua ingia unionyeshe." Akaitikia marahaba, akaingia.

Alikiweka kile kitu changu juu ya meza iliyonyooka, akakitia vibanzi chini ya miguu mpaka uso wa juu ukalala sawa. Alipimia sahani ya maji, akachungulia kama maji yamekaa sawa pande zote. Kisha akachukua kipande kimoja cha mbao, akakizungusha kwenye miguu yote minne huku akichora mstari kwa kimo cha kipande kile kile. "Sasa kata penye mistari," akasema. "Usimkate mmoja mmoja ukimtafuta mchawi." Kilitulia. Kilikuwa bado kifupi cha kuchekesha, kwa hiyo tulitengeneza kingine, na hicho cha pili ndicho kilichoingia chumba cha kuzalishia.

Nilimwandama Yakobo kwa muda wote niliokaa bondeni. Nikitoka zamu navua sare, navaa khanga, navuka njia. Watu walisema sana, hasa wale ambao hawakuwa na kazi ya kufanya. Yakobo hakuwa mtu wa kusifia. Ukifanya vizuri alikuwa anahamia kazi nyingine, ukiharibu alikuwa anaimba. Mpaka leo nikisikia mwanaume anaimba taratibu nachungulia nilichoshika.

Alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila alipoletewa kazi: "Pima ng'ombe, usipime nira." Mafundi wengi wakiagizwa nira mpya hupimia ile ya zamani, ambayo nayo ilipimiwa nyingine, mwishowe ng'ombe wa leo anavalishwa shingo ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Ndiyo maana wanatoka vidonda. Yakobo alikuwa anakwenda zizini na kamba, anamzungushia ng'ombe mwenyewe, anafunga fundo. Mimi kanuni hiyo niliichukua yote, nikabadilisha kamba tu. Natumia utepe wa bendeji. Anayetaka magongo anasimama mbele yangu, nafunga fundo chini kidogo ya kwapa, fundo jingine kiganja kinapofika akiwa amekunja kiwiko, na la mwisho penye kisigino. Naandika jina lake kwenye utepe, nautundika kwenye msumari ukutani. Tepu ya chuma ninayo, na ni ya kupimia mbao. Mtu ana jasho, ana kibiongo, ana bega lililoshuka, na bendeji inalala juu ya hayo yote.

Randa yangu ya kwanza nayo ilizaliwa huko. Lori la mpunga lilikatika springi karibu na zahanati, wakafunga nyingine, ile mbovu wakaiacha majanini. Yakobo akaniambia hilo ndilo jino la randa, limelala tu linangoja mwenye akili. Tulilichoma kwenye makaa mpaka likawa jekundu, tukalizika ndani ya majivu lipoe polepole, kwa sababu chuma kilichopoa polepole kinakubali tupa. Nililipiga tupa mpaka mikono ikavimba. Lilipopata makali ya mwanzo tukalichoma tena, tukalitumbukiza kwenye mafuta machafu ya injini. Hapo linakuwa gumu, ila linavunjika kama sahani. Kwa hiyo unalisugua ling'ae, unalipasha tena kwa nyuma, pole sana, huku umelikodolea macho, na rangi inatambaa kuelekea kwenye makali. Ikifika rangi ya mabua makavu ya mahindi, unalizamisha upesi. Ukizubaa ikawa ya bluu, umetengeneza kijiko. Mwili wa randa tuliuchonga kwenye kipande cha mti mgumu wa mkurungu kilichobaki kwenye mkokoteni. Siku ilipotoa maranda ya kwanza, membamba, yenye harufu, nilipiga vigelegele peke yangu, na mgonjwa aliyekuwa anasubiri dawa ya macho akaitikia.

Nilihamishiwa kwetu Isansa, na huko nikaolewa na Enoki, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye miwani. Nyumba yetu ilikuwa na banda la nyuma lililokusudiwa mbuzi. Mbuzi hawakufika. Niliweka benchi, nikaweka randa, nikaanza kutengeneza magongo, mabao ya kuwapimia watoto urefu, na vibao vya kuegemezea mguu uliovunjika. Enoki alikuwa ananishikia upande wa pili wa ubao huku akisahihisha madaftari kwa macho.

Mama mkwe wangu alikuwa mama wa heshima, Mnyiha wa Mbozi hasa, na Kiswahili chake alikipatia kanisani. Jioni moja alikuja bila taarifa, kama ilivyokuwa haki yake, akamkuta jirani yetu mlangoni, mke wa mwalimu mwenzake Enoki. Huyo alikuwa mgeni kutoka Singida, Kinyiha hakijui, ikabidi wazungumze Kiswahili. Mama akauliza mkamwana wake yuko wapi.

"Nesi yuko nyuma, anaranda," jirani akajibu.

Ninyi mnajua kuranda mbao ni kuzilainisha. Lakini mama mkwe neno hilo alikuwa amelisikia mahali pamoja tu, madhabahuni, mhubiri alipowakemea wanawake wanaoranda huku na huko wakiacha waume zao.

"Anaranda?"

"Eeh, mama. Kila jioni akitoka kazini."

"Na mwanangu anajua?"

"Anajua sana! Yeye ndiye anayemshikia."

"Anamshikia?"

"Upande wa pili. Na siku nesi akichoka, mwalimu naye anaranda."

Mama mkwe hakuja nyuma kuangalia. Aligeuka pale pale akaenda kwa wazee wa ukoo, na Jumapili baada ya ibada tukaitwa. Tulikwenda tukidhani ni habari ya shamba. Mzee mkubwa akakohoa sana, akamgeukia mume wangu.

"Mwalimu, ni kweli mkeo anaranda?"

Enoki hakuwahi kusema uongo hata kwa faida yake. "Ni kweli, baba. Anaranda kunishinda mimi."

Wazee wakainamisha vichwa. Bibi mmoja akaanza kuomba.

"Hata kabati lako la vyombo, baba," Enoki akaendelea, "milango yake aliiranda yeye."

Halafu mzee akacheka mpaka akatoa leso, na chumba kizima kikamfuata. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alingoja wamalize, akasema kwa Kinyiha maneno ambayo nitayaweka hivi: "Afadhali angeranda kule kwingine. Anayeranda njiani huitwa akarudi nyumbani. Huyu atarudi wapi, naye yuko nyumbani?"

Hapo kicheko kilikatika, kwa sababu ukoo ule ulikuwa na mwiko wake. Mwanamke hatengenezi kiti. Akimtengenezea mumewe kiti amemkalisha chini mbele za watu. Wakaamua niweke randa chini. Nikawajibu, "Nimewasikia, wazee wangu, na nawaheshimu. Lakini kesho kuna mtoto anasubiri gongo, na gongo lina mguu mmoja, si kiti." Tukaaga. Tulipofika nyumbani Enoki alivua koti la Jumapili, akaenda bandani, akashika ubao upande wake, akaniangalia kama anayeuliza tunangoja nini. Nilimpenda kabla ya siku ile, ila siku ile nilijua nimeolewa na nani.

Jina likabaki. Wanawake wa kliniki waliliita kwa kunikejeli, "Nesi anayeranda huyooo!" Nikachukua rangi, nikaliandika juu ya mlango wa banda kwa herufi kubwa: NESI ANAYERANDA. Ukiwa na jina la kejeli, lipake rangi mwenyewe, wasije wakakosea herufi.

Kutoka hapo tukahamia Tunduma, na kwa mtu wa ufundi wangu Tunduma ni kama kumwachia nyuki shamba la alizeti. Malori yanapanga foleni kuvuka kwenda Zambia, na lori linalosimama muda mrefu haliachi kuangusha kitu. Springi zilizokatika, jeki zilizochoka, paleti zilizopasuka. Jiliwa langu la kubania mbao ni jeki ya lori iliyolazwa ubavu, ikishika, imeshika. Msumeno wangu wa fremu una ulimi wa mkanda wa chuma, ile mikanda inayofungia vipande vya shaba. Madereva wanaikata na kuitupa. Nilitoboa ncha zake, nikachonga meno kwa tupa ya pembe tatu nikiwa nimevaa miwani ya Enoki, nikaubana kwenye fremu ya mlingoti kwa kamba iliyosokotwa. Mashine yangu ya kukereza inaendeshwa na miguu ya cherehani iliyokufa kichwa. Watu wakiiona wanacheka, halafu wanaomba kujaribu.

Huko Tunduma mwiko wa viti haukuwa na wa kuulinda, nikatengeneza viti. Mama mmoja mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, alikuja na kunipigia goti kidogo kwa adabu za kwao: "Mukwai, mama nesi, mama yangu anataka chipuna cha jikoni, magoti hayakunji." Kigoda hicho wanakiita chipuna. Nikamwambia amlete mama mwenyewe, sitengenezi chipuna cha mtu nisiyemwona. Alilalamika kuwa mpaka una msongamano. Nikamwambia ng'ombe hupimwa yeye. Alimleta, amempakia kwenye baiskeli, na bibi yule alicheka muda wote nilipokuwa namzungushia bendeji.

Tulipokuwa bado tunaishi nyumba ya mtumishi, mkuu wetu mmoja, nisiyemtaja kwa sababu yu hai na ana wajukuu, aliniita ofisini akasema nyumba zile si za useremala, na muuguzi mwenye vumbi la mbao nyweleni anaaibisha taaluma. Vumbi nilikuwa nalifuta, hilo nakataa. La nyumba alikuwa na haki nalo. Kwa hiyo tulihama. Mimi na Enoki tulikuwa na kiwanja pembeni ya mji, hakijajengwa kitu. Tulijenga kibanda cha karakana kwanza, nyumba baadaye, na kwa masika mazima tulilala chumba kimoja na benchi. Enoki alikuwa anatundika shati lake kwenye jiliwa.

Sasa niwaeleze habari za Shani, kwa sababu huyo ndiye aliyenifundisha kazi kuliko wote, naye hajawahi kutamka neno.

Mama yake ni mwenyeji wa Kondoa, anauza vitenge na nguo za mitumba karibu na barabara ya mpakani. Alikuja kwangu kituoni na binti mkubwa wa kutosha kwenda shule, amembeba mgongoni kama mtoto mchanga. Mtoto alipata shida wakati wa kuzaliwa. Mwili ulikuwa unakakamaa, shingo haisimami, ukimkalisha anajitupa nyuma kama upinde.

"Nesi, shikamoo," mama akasema. "Nimeambiwa unatengeneza viti. Mgongo wangu umekwisha. Nikimlaza chini anaangalia bati kutwa. Naomba akae tu, aone watu. Sikuombi atembee."

Nilimtengenezea kiti kizuri. Niseme kweli, kilikuwa kizuri sana, mninga mtupu, nimekilainisha mpaka nzi anateleza. Na Shani naye akateleza. Akajikunja nyuma, makalio yakaja mbele, akatokea chini ya mkanda kama samaki. Nikainua kikalio upande wa mbele. Akateleza kwa ubavu. Nikaweka kigingi kilichofungwa sponji katikati ya mapaja. Hakuteleza, ila alilia mpaka akaishiwa pumzi, tukamtoa mbio. Mama yake akaniambia kwa upole niache, ni majaliwa. Nikamjibu majaliwa ni ya Mungu, lakini kiti ni changu, na kiti ndicho kibaya.

Nikaenda kukaa kwenye kibanda chake cha biashara siku yangu ya mapumziko, sifanyi kitu, namwangalia mtoto tu. Mteja alipokuja, mama alimshusha Shani mgongoni akamchomeka kwenye kona, katikati ya marobota mawili ya mitumba yaliyokutana. Akageuka kumpimia mteja kitenge. Na pale konani mabega ya Shani yakaja mbele yenyewe, mgongo ukaacha kukakamaa, kichwa kikasimama. Kikasimama kabisa, akawa anaangalia malori.

"Mama Shani, huwa unamweka hapo kila siku?"

"Nikiwa na mteja tu. Kwani vibaya?"

Nilitamani kujipiga kofi. Nilikuwa nimempimia mtoto kiti, wakati kiti chake alikuwa nacho tayari, kimetengenezwa na marobota. Nikatoa bendeji nikampima pale pale, konani, bila kumgusa mkao wake. Nyumbani niliunga mbao mbili zikutane kama pembe ya nyumba, nikaweka kikalio kifupi, na mbele yake meza ndogo yenye ukingo. Mbao za paleti, si mninga. Tukamkalisha kibarazani. Mama yake akaweka kikombe cha uji juu ya ile meza upoe kidogo. Shani akautazama. Mkono wake ukatetemeka, ukazunguka, ukarudi, ukakigonga kikombe, uji wote ukamwagika.

Nikaruka na kitambaa. Mama Shani akanishika mkono.

"Acha, nesi. Acha kwanza." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Hajawahi kumwaga kitu."

Toka siku ile nimetengeneza viti vya kona ambavyo sikuvihesabu, vimeenda Mbangala, vimeenda Kamsamba, vimevuka mpaka. Kila kimoja kina utepe wake. Shani mwenyewe amekua, na mtoto akikua kiti hakimfuati. Amekwisha kuvipita viti kadhaa.

Enoki alifariki nikiwa nimebakiza kidogo kustaafu. Sitaeleza. Aliugua, tukamzika Isansa kwenye kahawa za baba yake. Nimefunga kibano mahali alipokuwa anasimama, kinashika ubao vizuri, na sikipendi.

Ndipo tukafika kwa Enea. Alikuja kutoka Mbeya mwezi uliopita na baba yake mdogo, yaani shemeji yangu, na bwana mmoja ambaye badala ya kukaa alianza kupima kibanda changu kwa hatua. Nilikuwa nimepika ugali na samaki. Enea ni mtoto mwema, nawaambia msije mkamchukia. Aliongea taratibu.

"Mama, mikono yako inatetemeka. Nimeiona ukinimiminia chai."

"Inatetemeka."

"Na mle ndani kuna misumeno."

"Imo. Meno yake nimechonga mimi, najua yanakoelekea."

"Twende ukae na sisi Mbeya. Wajukuu wapo. Hapa huyu bwana atahifadhi mahindi yake. Vifaa tutawapelekea vijana wa chuo cha ufundi, jina lako litabaki."

"Vijana watengeneze vyao. Mimi nilivikuta wapi?"

Shemeji akaingilia, "Shemeji, uzee ni heshima, na heshima inakaa kwenye kochi."

"Kochi lina mwenyewe, shemeji," nikamwambia. Paka hakuamka.

Niliwachukua wote kibandani, niwaonyeshe. Mikono inatetemeka kweli, na ilipoanza nilitengeneza kisanduku chenye mfereji wa kuongoza msumeno. Hata ukitetemeka, ulimi hauna pa kwenda ila kwenye mstari. Patasi siishiki tena na ubao mkononi. Ubao unabanwa na jeki, mikono yote miwili inakaa nyuma ya makali. Na randa haijui habari za kutetemeka, inataka uzito wa mwili, nao ninao. Yule bwana wa mahindi alivutiwa, akauliza mashine ya cherehani inazungukaje. Enea hakutazama. Alikuwa anaangalia kidole changu gumba chenye kovu la zamani.

"Ukiumia hapa peke yako, nitapigiwa simu na majirani," akasema. "Umewahi kuliwaza hilo?"

"Nimeliwaza."

"Basi chagua, mama. Kibanda au sisi."

Niliona hofu machoni pake, na hofu hiyo ni ya upendo, ila hata hofu ya upendo ukiifuata inakuzika mapema. Nikamwambia, "Sichagui. Wewe ni mwanangu hata ukinuna. Na kibanda ni changu hata mkinuna wote. Mama yake Shani kamleta nimpime upya wiki hii, mtoto amekua, mapaja yamepita kikalio. Nikienda Mbeya kulea kochi, yeye atakaa wapi?"

Enea akachukua funguo za gari. Akaondoka, na baba yake mdogo na yule bwana nyuma yake, bila kuonja ugali wangu. Mnajua maana yake kwetu, kuondoka nyumbani kwa mama yako umeacha chakula kimefunikwa: umemsusa. Nililia nikiwa narudisha zile sahani jikoni. Niliumia, naumia bado. Lakini sikulia kwa sababu nimekosea.

Hajapiga simu tangu siku hiyo. Mimi nimepiga, haikupokelewa. Kwa hiyo naliandika hapa, maana najua mmoja wenu ni rafiki yake na atamsomea: simu yako nitaipokea, mwanangu, siku yoyote. Ila ukipiga asubuhi, iache iite. Nikiwa benchini sisikii haraka.